Maswali mnayouliza kila siku kuhusu risachi ya uhalifu na adhabu

Nimezunguka na fomu za maswali Kisumu, Kakamega na Nakuru kwa miaka kadhaa sasa, nikisaidia watu wanaofanya utafiti wa uhalifu na haki, na kila mahali nikifika naulizwa vitu vile vile, iwe ni stage ya boda, kwa kinyozi ama hata matangani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa WhatsApp kwa hivo nimeyaweka yote hapa. Mengine nimejibu kwa kirefu, mengine kwa kifupi, inategemea na venye swali lenyewe liko.

Wewe ni karao?

Hapana, mimi sio polisi. Na naelewa kwa nini mnauliza, manake mtu akiingia mtaa kama Nyalenda na kalamu aanze kuuliza nani aliibiwa nini na nani, hata mimi ningefunga mlango. Sisi hatutafuti mwizi. Tunataka kujua watu wa hapa wanaita nini kosa, wanalipeleka wapi, na likifika huko linaisha aje, halafu tunalinganisha na venye wengine wanafanya, wa Uganda, wa Rwanda, wa Norway, popote. Jina lako haliandikwi.

Si mngesoma tu ripoti ya polisi mwaka ukiisha?

Tunaisoma, lakini ile ripoti inakuonyesha kile kilifika stesheni kikaandikwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, basi. Ngoja niwape mfano. Siku ya kwanza kabisa kushika fomu nilikaa na mama mmoja Manyatta, alikuwa anakaanga samaki kando ya barabara, nikamsomea swali venye lilikuwa limeandikwa: mama, kwa mwaka mmoja uliopita umewahi kutendewa uhalifu? Akasema la, Mungu ni mwema. Nikaandika la. Swali la pili lilikuwa linataja vitu kimoja kimoja. Kuku? "Ah, kuku walibeba tatu, Disemba hiyo." Simu? "Hiyo ilienda Kondele nikishuka matatu." Mtu kukupiga? Akanyamaza, akageuza samaki upande wa pili, halafu akaniuliza, "Huyo ni bwanangu, sasa hiyo nayo utaandika ni uhalifu?"

Sasa angalia, kwa swali la kwanza huyo mama hajawahi kuguswa na mtu, kwa swali la pili ameumizwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na hakuna hata moja ilifika stesheni. Hii sio shida ya Kisumu peke yake. Ndio maana tangu 1989 kuna utafiti unafanywa nchi nyingi kwa mtindo huo, unaenda kwa watu moja kwa moja na unauliza kitendo, hauulizi jina la kitendo. Neno "uhalifu" kwa watu wengi ni kitu cha redio, cha watu wenye bunduki. Kuku ni kuku tu.

Kenya ndio inaongoza kwa uhalifu ama tunasingiziwa?

Hatuongozi. Lakini hilo swali haliwezi kujibiwa kwa "uhalifu" wote kwa jumla, na mtu akikupatia orodha ya nchi mbaya zaidi duniani muulize kwanza alihesabu nini. Sweden kwa mfano huonekana vibaya sana kwa ubakaji, na sababu moja ni kwamba wao huhesabu kila tukio peke yake, yaani mwanamke akisema mume wake alimfanyia hivyo mara nyingi mwaka mzima, kila mara inaandikwa kivyake, mahali pengine hiyo yote ni kesi moja. Halafu sheria yao pia ni pana. Nchi ambayo watu wanaogopa kuripoti itaonekana safi kama malaika.

Watu wa risachi hupenda kulinganisha mauaji, sio eti kwa sababu wanapenda damu, ni kwa sababu maiti ni ngumu kuficha na kila nchi inaihesabu karibu sawa. Shirika la Umoja wa Mataifa la dawa za kulevya na uhalifu lilipiga hesabu ya 2017 likapata watu kama 464,000 waliuawa dunia nzima, yaani 6.1 kwa kila watu 100,000. Afrika ilikuwa 13, Amerika zote kwa pamoja 17.2, Ulaya 3, Asia 2.3. Waliouawa ni wanaume, kama 8 kwa kila 10, na washukiwa ni wanaume hata zaidi ya hapo. Lakini ukienda kwa mauaji ya ndani ya nyumba, ya mume ama mpenzi, hapo wanawake ndio wengi. Hapo ndio namkumbuka yule mama wa samaki na bwanake.

Si adhabu kali ndio dawa? Wanyongwe watu waogope.

Hili ndio swali namba moja, hasa mtu akiwa ameibiwa juzi. Jibu la risachi ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwitaliano anaitwa Cesare Beccaria aliandika 1764 kwamba kinachozuia mtu ni uhakika wa kushikwa, ukali wa adhabu unakuja nyuma, na utafiti wa siku hizi kwa sehemu kubwa unamuunga mkono. Kuhusu kunyonga, kamati ya wataalamu Marekani ilipitia tafiti za miaka zaidi ya 30 na 2012 ikasema hazitoshi kusema kama kunyonga kunapunguza mauaji, kunaongeza, ama hakubadilishi kitu, na kwamba zisitumike kuamua sera.

Tukuje nyumbani. Kenya bado tuko na hukumu ya kifo kwa vitabu, ya mauaji na hata ya wizi wa mabavu. Mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1987, jela ya Kamiti, Hezekiah Ochuka na mwenzake wa lile jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo watu wanahukumiwa tu, wanajaa. Kibaki 2009 akabadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 zikawa kifungo cha maisha, Uhuru 2016 akabadilisha 2,747. Halafu Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikasema jaji asilazimishwe kutoa kifo kwa kesi ya mauaji, awe na nafasi ya kuangalia mambo ya huyo mtu, na 2021 ikabidi ifafanue kwamba ilikuwa inasema mauaji peke yake, manake watu wa wizi wa mabavu walikuwa wameshaanza kurudi kortini kwa wingi.

Kuna mzee alitoka jela ya Kodiaga baada ya miaka mingi, sasa anauza makaa, nilimuuliza hili swali lenu. Akacheka. Akasema hakuna usiku hata mmoja alienda kazi akifikiria miaka saba ama kamba, alikuwa anafikiria kama mbwa imefungwa na kama askari wa gati amelala.

Basi tufanye kama Bukele, tufunge wote.

Nilijua itakuja. Bukele ni rais wa El Salvador, na huko kweli mauaji yameshuka sana, na mtu akikataa hilo anakudanganya. 2015 walikuwa wanauawa zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000, hiyo ni vita. Lakini angalia tarehe: idadi ilianza kushuka baada ya 2015, Bukele aliingia 2019, na hali ya dharura ilitangazwa Machi 2022. Kwa hivo sehemu kubwa ya mteremko ilikuwa tayari imepita kabla ya dharura, ya mwisho ndio ya hiyo dharura. Walioshikwa tangu dharura wamepita 80,000, na maelfu wakaachiliwa baadaye manake hawakuwa wa magenge. Nchi ile ndio inafunga watu wengi zaidi duniani ukilinganisha na idadi ya raia wake, imepita Marekani, na Marekani wenyewe wako na karibu milioni 2 ndani.

Mimi swali langu kwako wa mtaa wa Obunga ni moja tu, ukikumbuka msako wa mwisho venye ulikuwa, ni kina nani walibebwa kwa lori? Wale wenye silaha ama wale waliokuwa wanatoka kazi usiku?

Ni ukweli Norway jela ni kama hoteli?

Jela ya Halden, ile ilifunguliwa 2010, iko na vyumba vya mtu mmoja mmoja, choo ndani, jiko la pamoja. Wenyewe wanasema adhabu ni kunyimwa uhuru, basi, usiongezewe mateso mengine juu. Kifungo kirefu kwa kawaida ni miaka 21, lakini yule anaonekana bado hatari anaweza kuongezewa tena na tena. Yule aliua watu 77 Julai 2011 aliomba kutoka 2022 akakataliwa.

Kitu mimi nilipenda ni utafiti wa wachumi fulani wa huko. Norway kesi inapewa jaji kwa kubahatisha tu, kuna majaji wanafunga sana na wengine hawafungi sana, kwa hivo unaweza kulinganisha watu wanaofanana ambao tofauti yao ni jaji waliyempata. Wakaona waliofungwa walirudia makosa kidogo kuliko wale hawakufungwa, na faida hiyo ilikuwa hasa kwa wale hawakuwa na kazi kabla ya kuingia, manake ndani walifunzwa ufundi. Marekani tafiti za namna hiyo nyingi hazijapata faida kama hiyo, nyingine zimepata jela inaharibu zaidi. Kwa hivo neno ni lile lile, "jela", lakini vitu viwili tofauti kabisa. Msikimbilie kusema tuwaige, mtu wa jela ya Shikusa analala wapi na anakula nini mnajua wenyewe.

Kabla mzungu aje na jela, huku kwetu mtu akiua ilikuwa inaisha aje?

Hapa niruhusuni nikae kidogo manake ndio sehemu naipenda.

Jela kwa watu wa bara ililetwa na Mwingereza. Kabla ya hapo jamii nyingi za huku zilikuwa zinauliza nani amepunguziwa, ukoo gani umepoteza mtu, na anarudishiwa nini. Wakipsigis walikuwa na kokwet, wanakaa chini ya mti wanaongea mpaka waelewane, hakuna mtu mmoja anatoa hukumu. Wagusii na etureti yao, kikao cha wazee. Wasebei wa Elgon, upande wa Uganda, Mmarekani Walter Goldschmidt aliandika sheria zao 1967, na ukisoma unaona kwao kesi ni ya ukoo kwa ukoo, ile kugawanya jinai huku na madai kule tunayofanya kortini haina nafasi.

Lakini picha ambayo haitoki kichwani mwangu ni ya Wanuer, Sudan Kusini, binamu wa mbali wa Wajaluo. Mwingereza Evans-Pritchard, msomi wa mila za watu, alikaa nao miaka ya 1930, na 1936 akapita kwa Wajaluo pia. Mnuer akiua anakimbia kwa boma la mzee mmoja wa kuvaa ngozi ya chui. Haruhusiwi kula wala kunywa chochote mpaka huyo mzee amchanje mkono, kutoka begani kushuka chini, damu ya aliyekufa itoke. Hapo ndio anapewa maji. Halafu anakaa hapo, watu wa marehemu wakizunguka nje na mikuki wakimngoja, na mzee anaenda rudi, enda rudi, wiki kwa wiki, kutafuta ng'ombe 40 ama zaidi. Na huyo mzee hana askari hata mmoja! Hawezi kulazimisha mtu. Ng'ombe zenyewe zinatumika kumwolea marehemu mke ili azaliwe mtoto kwa jina lake.

Sasa msianze kuniambia zamani ilikuwa tamu. Ukoo mdogo ukikosewa na ukoo mkubwa ulikuwa unafanya nini? Mwanamke alikuwa anaongea kokwet? Na kuna jamii ambapo badala ya ng'ombe msichana ndio alikuwa analipwa, huyo msichana alikuwa ameua nani?

Sungusungu nao, wale walinzi wa kijiji?

Hii inahitaji hadithi ya mama mmoja mtafiti wa Uingereza, Suzette Heald. Miaka ya 1960 alikaa Bugisu, hapo tu ng'ambo ya Elgon kwa ndugu za Wabukusu, akakuta mauaji mengi, na wengi wa waliouawa ni wale kijiji kilikuwa kimeshawaita wezi ama wachawi. Yaani watu wanaanza kumwita mtu mwizi polepole, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka siku akishikwa hakuna wa kumtetea. Miaka baadaye akaenda kwa Wakuria, huko chini Migori, wizi wa ng'ombe umezidi na bunduki zimeingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wakuria wakachukua sungusungu, ambayo ilianza Tanzania kwa Wasukuma na Wanyamwezi mapema miaka ya 1980, wakaiweka juu ya mkutano wao wa kienyeji, iritongo, wakachagua kamati, mshukiwa anaitwa, anaulizwa, analipishwa. Wizi wa ng'ombe ukapungua kweli.

Wengi husimamisha hadithi hapo. Watu walipigwa pia, tena sana, na ukichapwa na kamati ya kijiji rufaa unapeleka wapi? Mimi mwenyewe sijui ningekuwa upande gani kama ng'ombe wangu ndio wamechukuliwa mara tatu na polisi hawajawahi kufika.

Na kuchoma mwizi?

Nimeuliza watu wengi sana hili, wengi wamewahi kuona tairi, wachache wanakubali walirusha jiwe. Sababu wanayotoa karibu wote ni moja: tukimpeleka stesheni jioni anatoka asubuhi anatucheka. Wakati mwingine ni hongo. Lakini mara nyingi ni bondi, yaani dhamana, ambayo ni haki yake kwa katiba, na hakuna mtu aliwaeleza, wala mlalamishi hakupigiwa simu kuambiwa kesi ni lini. Hiyo ya kupiga simu ingegharimu shilingi ngapi? Halafu kuna wale wamechomwa na hawakuwa wezi. Kijana mmoja nilisoma naye primary, alipigiwa kelele tu na mtu waliyekuwa wanadaiana. Siendelei na hiyo.

Kesi ya mauaji inaweza kuisha kwa ng'ombe siku hizi?

Ilitokea. 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kuelewana na kulipana ngamia na mbuzi kwa desturi ya Wasomali, mwendesha mashtaka akaomba, jaji akakubali. Mawakili wamebishana hiyo kesi mpaka leo na usiende kwa chifu ukidhani ni kanuni. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inasema korti zihimize upatanisho na njia za kienyeji, lakini hapo hapo inasema zisivunje haki za mtu.

Nakuru wako na ile haki mbadala, ni nini hiyo?

Mahakama ilitoa sera yake Agosti 2020, kamati ikiongozwa na Jaji Joel Ngugi ambaye alikuwa Nakuru, na Nakuru ikawa kati ya kaunti za kwanza kuifanya kwa vitendo. Wazee, wamama na vijana waliofunzwa wanakaa na pande mbili, mambo ya shamba, deni, mapigano ya majirani. Ile ya ubakaji na watoto kunajisiwa isipelekwe huko, jamani. Hiyo "tumeelewana na familia" mtoto hakuulizwa, na aliyekula mbuzi ni babake.

Rwanda waliwezaje na gacaca, na sisi 2007 tukashindwa?

Waliweza kiasi. Gacaca, zile korti za kijiji za kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, ilijaribiwa 2002, ikaenda nchi nzima 2005, ikafungwa Juni 2012, korti kama 12,000 za nyasini na kesi karibu milioni 1.9. Ile mahakama ya kimataifa ya Arusha ilishtaki watu 93 kwa miaka 20. Lakini gacaca haikuwa na mawakili, mashahidi wengine walitishwa na wengine walidanganya ili wapate shamba la jirani, na makosa ya wanajeshi wa upande ulioshinda hayakuguswa.

Sisi, tume ya Waki, ile ilichunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu waliokufa 1,133. Washukiwa sita wakatajwa mahakama ya kimataifa ya Hague, hakuna hata mmoja alipatikana na hatia, kesi ya mwisho ikaanguka Aprili 2016. Ripoti ya tume ya ukweli ilitoka 2013 ikakaa. Nakuru nimehoji mzee anayejua vizuri nani alichoma duka lake, wananunua maziwa kwa mtu mmoja kila asubuhi. Nikamuuliza huwa mnaongea? "Tunasalimiana."

Nataka kufanya risachi kama hii mtaani kwetu, naanzia wapi?

Kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na utafiti, kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, halafu ofisi ya kaunti kamishna na chifu. Jela ni ruhusa nyingine kivyake. Usimhoji mtu mbele ya mzee wa mtaa hata kama amekuletea kiti. Usiandike majina, na ukiandika usiache daftari kwa matatu (ndio, ilinitokea, ilipatikana).

Lakini sasa hizi fomu zinatusaidia nini sisi?

Mara nyingi hakuna, na ni haki yenu kuuliza. Kuna fundi wa nguo Kibuye, cherehani yake iliibwa usiku, mwizi akashikwa, akakubali makosa, akafungwa miezi sita. Cherehani ilikuwa imeshauzwa. Yule dada alienda kortini mara nne, akifunga kibanda kila siku hiyo, na hakuna mtu alimwambia kwamba sheria inamruhusu hakimu kuamuru mshtakiwa amlipe fidia, ama kwamba kwa kosa dogo mtu anaweza kupewa kazi ya jamii, sheria iko tangu 1998, awe nje anafanya kibarua na kulipa polepole. Kwa fomu yetu kulikuwa na swali, kesi yako iliisha aje, na visanduku viwili, alifungwa ama aliachiliwa. Akaangalia hiyo karatasi akaniuliza, "Na mimi niko wapi hapa?" Nikaandika maneno yake pembeni manake hakukuwa na mahali pengine. Fomu ya mwaka huu iko na kisanduku cha tatu: ulirudishiwa kitu chako? Wa kwanza kuulizwa nilimchagua yeye. Hapana, bado anakodi ya jirani.